Kitalu Alichofyeka Silas Tregear

Mjini kwetu Wandarrin, mtu akitoka jasho kwa faida ya mwingine, husemwa amefanya kazi ya Tregear. Kijana akimpeleka msichana dansini mwaka mzima, kisha msichana akaolewa na mwingine, hiyo ni kazi ya Tregear. Mama akipika keki ya maonyesho ya kilimo na jirani yake akapata tuzo kwa kuipamba tu, ni hiyo hiyo. Watoto wa shule wanausema msemo huo bila kujua umetoka wapi. Mimi najua, kwa sababu naitwa Noreen Tregear, na aliyeifanya kazi yenyewe ni babu yangu.

Babu Silas alikuwa mchimba madini wa Cornwall, Uingereza. Alikuja Australia Magharibi kuchimba dhahabu Kalgoorlie, akachoshwa na vumbi la mgodini, akaomba shamba. Siku zile serikali ilikuwa ikigawa ardhi ya ngano kando ya reli mpya kwa yeyote mwenye mikono miwili, kwa sharti moja: afyeke. Usipofyeka unanyang'anywa. Kwamba pori hilo lilikuwa na wenyewe, Wanoongar, waliopita humo na familia zao kila majira ya mvua, hilo halikumkosesha mtu usingizi. Walisukumwa hadi nyuma ya reli, na mpaka leo hotuba za historia ukumbini kwetu huanza mwaka 1910, kana kwamba kabla ya hapo hata jua lilikuwa halichomozi. Nalitaja jambo hili kwa sababu linaniudhi, na kwa sababu ugomvi ninaotaka kuusimulia ulikuwa juu ya nani wa kwanza kwenye ardhi hiyo, na sote tuliogombana tulikuwa wa pili.

Karatasi ya babu ilisema kitalu chake kiko kaskazini ya mti uliochongwa alama na mpima ardhi. Babu aliufikia mti huo mchana, jua likiwa juu. Dira hakuwa nayo. Lakini alijua, kama kila mtu wa Cornwall anavyojua tangu utotoni, kwamba jua la adhuhuri hukaa upande wa kusini. Basi akaligeuzia mgongo, akaenda mbele kwa mwendo wa mtu mwenye mali yake, akapiga hema. Kwetu sisi jua la adhuhuri hukaa kaskazini. Babu alikuwa ameishi nchi hii karibu mwaka mzima, lakini aliishi chini ya ardhi, akishuka mgodini kabla ya mapambazuko na kupanda giza likiingia, na jua la huku hakuwa amelitazama vizuri. Bibi alimuuliza baadaye kama hakushangaa lilipochomoza kesho yake mkono asioutarajia. Babu alisema alishangaa, ila alidhani ni pori lililomvuruga.

Alikifyeka kitalu hicho misimu miwili. Alikuwa na shoka, moto, farasi wawili, na plau ile ya kwetu inayoruka visiki. Mikaratusi mikubwa aliimenya gome kuizunguka mpaka ikafa imesimama, kisha akaichoma. Wazee waliokiona walisema hawajapata kuona shamba lililosafishwa namna ile, hata mti wa kivuli cha farasi hakuuacha. Akapanda ngano. Ngano ilikuwa imeanza kugeuka rangi pale Ambrose Batten alipotokea na gari la farasi, mke, vitanda, na karatasi ya kitalu hicho hicho.

Mkaguzi wa ardhi aliitwa. Akaiweka dira yake juu ya kisiki, akaisoma, akacheka mpaka ikambidi aketi. Sheria ilikuwa wazi: kilichofanywa kwenye kitalu ni cha mwenye kitalu. Babu akaomba wabadilishane. Ambrose aliitazama ngano, akalitazama pori la upande wa pili, akasema karatasi yake haina kasoro yoyote. Kisha, kwa ubinadamu wake, akampelekea babu nusu kondoo. Babu aliiacha getini kwa Batten siku ya pili, ikiwa imeshapata nzi.

Ile ngano ilipovunwa, Ambrose alipigwa picha ndani yake, kifua mbele, masuke yakimfika kiunoni. Picha ikatundikwa ukumbini, na chini yake pakaandikwa kwamba hayo ni mavuno ya kwanza ya A. Batten kwenye kitalu alichokifyeka mwenyewe. Kila harusi, kila matanga, kila dansi ya mjini kwetu imefanyika chini ya neno hilo. Nimekula keki nyingi sana nikiwa nimeigeuzia mgongo picha hiyo.

Babu alianza upya kwenye kitalu chake halisi, juu kidogo ya kile cha Batten, lakini mwili ulikuwa umekwisha. Alifyeka nusu, mgongo ukagoma. Nusu iliyobaki ikabaki pori. Wandarrin, mkulima mwenye pori ni kama mwenye nyumba aliyepokea wageni kitanda hakijatandikwa. Watu hawasemi kitu, wanatazama tu. Baba yangu, Mervyn, alirithi pori hilo pamoja na macho ya watu. Shuleni walimuuliza kama babake ameshalipata jua. Alipokuwa mtu mzima walimuuliza lini anamaliza. Naye kila mwaka alikuwa anamaliza mwaka ujao, ila ukaja ukame, ikaja vita, bei ya sufu ikaanguka, mama akaugua akafa, na pori likaendelea kusimama pale, na sisi tukilipita kila tulipokwenda mjini.

Hatimaye, mwaka 1979, akikaribia miaka sabini na goti moja halikunjiki, baba aliagiza matingatinga mawili. Kazi hiyo sasa ni nyepesi. Matingatinga hufungwa mnyororo mzito wa nanga ya meli katikati, yakaenda sambamba, na kila kilicho kati yao kinalala chini. Pori ambalo lingemla babu miaka kumi huisha kwa siku mbili. Yangefika Jumatatu. Baba alianza kunyoa ndevu kila asubuhi, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mazishi ya mama.

Mimi sikufurahi, na nilimwambia. Siku hizo nilikuwa ndiye ninayeendesha shamba, yeye akitoa amri. Nilikuwa naona yanayotokea chini kwa akina Batten.

Kitalu cha Batten kilikuwa kinakufa. Chini kabisa ya ardhi yetu kuna chumvi, ya tangu enzi na enzi. Miti ina mizizi mirefu, inakunywa maji ya mvua yasiifikie. Ukiikata, maji yanashuka, yanajaa, halafu yanapanda polepole pamoja na chumvi yake. Hayana haraka. Yanangoja mpaka umejenga nyumba ya matofali na kununua gari. Kwanza kondoo wa Batten walikataa maji ya kisima cha bondeni. Kisha shayiri ikaota kwa mabaka. Kisha udongo ukawa mweupe kama uliomwagiwa unga, na kila mwaka weupe ukapanda hatua chache kuelekea nyumbani. Mwaka ninaousimulia, zaidi ya nusu ya kitalu ilikuwa haioti chochote isipokuwa majani fulani mekundu ambayo hata mbuzi angeyafikiria mara mbili.

Ijumaa kabla ya matingatinga, Desmond Batten, mtoto wa Ambrose, alifungua geti letu.

Ningependa msomaji aelewe kwamba hakuwa mgeni. Des alikuwa kapteni wa kikosi cha zimamoto cha kujitolea, na moto ukiwaka baba alikuwa akipanda lori lake bila neno. Waliketi meza moja kwenye mnada wa kondoo. Walizungumza habari za mvua. Lakini hakuna Batten aliyewahi kuingia jikoni kwetu, na Des alipovua kofia mlangoni nilimwona anatafuta pa kuiweka, mtu wa miaka zaidi ya hamsini, kama mtoto aliyetumwa. Nikamwekea kiti. Nikaweka birika mezani, skonzi na jamu ya aprikoti, lile tunda dogo la njano la bustanini, maana hata adui haketi jikoni kwetu mikono mitupu.

"Merv," akasema, "nimekuja kukuomba usilifyeke lile pori."

"Kumbe akina Batten wanajua kuomba," baba akasema.

Des aliimeza hiyo. Akaeleza, kwa upole na kwa urefu, akichora kwa kidole juu ya kitambaa cha meza. Bwana wa idara ya kilimo alikuwa ametoboa mashimo shambani kwake na kupima maji. Pori letu, alisema, ndilo pekee linalokunywa mvua ya kilima kizima. Likiondoka, maji yote yatashukia kwake. Kipande kizuri alichobakiwa nacho kitakwenda, na nyumba baada yake, na mwishowe lambo la mji. Mwanawe alikuwa ameshaondoka kwenda kuendesha malori ya mgodini huko kaskazini, na kila barua aliyoandika aliuliza kama kuna shamba la kurudia. Des hakujua amjibu nini. Aliposema hayo akanywa chai.

Baba alimsikiliza mpaka mwisho huku akiitazama skonzi yake.

"Yaani baba yako alichukua ardhi iliyofyekwa tayari," akasema, "akamcheka aliyeifyeka, na leo wewe unataka mimi nisifyeke ya kwangu."

"Mimi sikumcheka mtu."

"Ulicheka. Kwenye basi la timu, ule mwaka tuliofungwa fainali. Nilikuwa kiti cha nyuma yako."

Des alifikiri. Niliona anafikiri kwa kweli, anarudi mpaka kwenye lile basi.

"Basi nilicheka," akasema.

Nadhani kama angekana, baba angemtoa nje palepale. Badala yake akasukuma kando sahani yake na kutoa sharti. Kesho yake, Jumamosi, kulikuwa na chakula cha mwaka cha zimamoto ukumbini. Kila mtu angekuwepo. Des, kama kapteni, angesimama kuhutubu. Asimame chini ya picha ile, baba akasema, atamke mbele ya wilaya nzima ni nani aliyekifyeka kile kitalu. Akisema, matingatinga yatarudi yalikotoka.

"Hiyo tu?" Des akauliza.

"Ni ndogo kwako? Imeshinda familia yako tangu kabla sijaota meno."

Des aliinuka. Alichukua kofia yake, akanishukuru kwa chai, akaondoka. Nilimwambia baba nilichokuwa nacho moyoni: kwamba shamba hili atakaloliacha ataniachia mimi, na mimi sitaki kurithi chumvi; kwamba hata kwetu, chini ya ile nusu aliyoifyeka babu, nimeona baka jeupe la ukubwa wa meza. Akaniambia nikishamzika nitaamua nipendavyo. Ndivyo anavyomaliza mabishano, na siyo haki, kwa sababu hakuna jibu lake.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Chama cha akina mama tulikuwa tumechoma miguu ya kondoo tangu asubuhi, na mimi nilikuwa kwenye zamu ya chai, karibu na jukwaa, kwa hiyo niliona kila kitu. Baba alivaa suti aliyooa nayo. Aliketi meza ya mbele, ambako hakuwa na desturi ya kuketi, na watu wakatazamana.

Des alianza na habari za moto: matukio ya kiangazi, lori jipya tulilolisubiri, shukrani kwa wanaojitolea. Watu wakapiga makofi na kurudia chakula. Lakini hakushuka. Akasogea hatua mbili mpaka akawa chini ya picha ya babake.

"Nina neno jingine," akasema, "halihusu moto. Hii picha inasema baba yangu alikifyeka kitalu chetu mwenyewe. Si kweli. Alipofika alikuta kimesafishwa na ngano iko tayari. Aliyefyeka ni Silas Tregear, kwa shoka lake, peke yake. Baba alijua, mama alijua, nami nimejua tangu nikiwa mtoto. Na ninyi nyote mnajua, ndiyo maana mnacheka."

Nyuma kabisa kulikuwa na mtu aliyeanza kucheka, akidhani ni mzaha wa kapteni, akaacha katikati. Nilimtazama baba. Sijui nisemeje. Uso wake ulikuwa umefunguka, nikaona namna alivyokuwa kabla sijazaliwa. Alikuwa na furaha tupu, na iliniuma kuiona, kwa sababu nilitambua kwamba miaka yote niliyoishi naye hakuwahi kuwa nayo. Alinyoosha tai yake. Alikuwa anajiandaa kusimama, nadhani, kukubali.

Des angeweza kuteremka hapo. Hakuteremka.

"Nimeambiwa niseme ukweli," akasema, "basi niuseme wote. Silas alifyeka vizuri kuliko mtu yeyote wilaya hii. Hakuacha mti hata mmoja. Laiti angekuwa mvivu kidogo, leo ningekuwa na shamba."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayesoma kipimo cha mvua. Kisha akaitoa picha msumarini, akaiegemeza chini ikitazama ukuta, akarudi kwenye kiti chake na kula pudingi. Hakuna aliyepiga makofi. Mama mmoja aliniomba sukari ambayo ilikuwa mbele yake.

Tulirudi nyumbani kwa pikapu. Tulipofika getini ndipo alipofungua mdomo.

"Hakusema vile nilivyotaka."

Nikamwambia alisema kila neno aliloagizwa, tena na mengine ya bure, na ahadi ni ahadi.

"Nilitaka shukrani, nikapewa lawama. Mbele ya watu. Unaona walivyokuwa wananitazama? Jana walikuwa wanatucheka kwa kufyeka kisicho chetu. Kuanzia kesho watatulaumu kwa kukifyeka vizuri. Afadhali kile kicheko."

Nilikasirika. Nilimwambia kwamba kama anataka kushindana na Des, huo ni ugomvi wao, lakini Jumatatu si Des atakayelia, ni mimi, miaka ishirini kutoka sasa, peke yangu kwenye hii nyumba nikitazama weupe unapanda ngazi. Akashuka kwenye pikapu kabla sijazima injini. Nilisikia anatembea chumbani kwake hadi nikapitiwa na usingizi.

Jumapili nilimkuta jikoni amevaa buti.

"Washa gari," akasema. "Nipeleke kwa Batten, bondeni."

Hatukuwa tumewahi kwenda. Huwa tunaliona bonde hilo kutoka barabarani, na kutoka barabarani linang'aa vizuri tu, unaweza kudhani ni maji. Ukiingia kwa miguu ni habari nyingine. Ardhi ina gamba juu na chini yake ni tope, buti zinavunja na kuzama, na kuna harufu kama ya kitu kilichofungiwa ndani. Nguzo za uzio zilikuwa zimeliwa chini mpaka zinaning'inia kwenye waya badala ya kuushikilia. Ndege hakuna. Baba alitangulia, akiburuta lile goti, na nikaona hatazami huku na huku kama mtu anayeshangaa, anatafuta kitu.

Des alituona kutoka nyumbani kwake, akashuka na mbwa wake. Nilijiandaa kwa maneno. Lakini baba alimuuliza tu kama anajua hema la babu Silas lilikuwa wapi. Alizaliwa ndani ya hema hilo, akaniambia mimi, siyo Des, kana kwamba ni jambo dogo alilosahau kunieleza kwa miaka arobaini. Mama yake alikuwa amemfuata babu kutoka Cornwall, akapata mimba hapo hapo, na yeye akazaliwa humo, ngano ikiwa changa. Alikuwa bado ananyonya walipohamishwa.

"Najua," Des akasema. "Njooni."

Akatupeleka mpaka mahali palipoinuka kidogo. Palikuwa na mawe manne yamepangwa, meusi kwa upande wa ndani, chumvi imeyapanda hadi nusu. Lilikuwa jiko la bibi.

Nimelima maisha yangu yote, na naweza kusema hivi: mkulima hachukii kitu kama jiwe katikati ya shamba. Analing'oa siku ya kwanza. Kuliacha ni kulizunguka na plau kila msimu, kuharibu mstari, kupoteza wakati, na kuchekwa na wapita njia.

"Baba hakuyagusa," Des akasema. "Kila mwaka aliyazunguka. Nami alinifundisha kuyazunguka. Siku moja nilimuuliza kwa nini, akaniambia ninyamaze nilime."

Baba akainama, kwa shida, akaweka kiganja juu ya jiwe moja. Alikaa hivyo kitambo. Aliposimama, kofia ilikuwa mkononi.

"Baba yangu hakujua, Des. Waliambiwa wafyeke, akafyeka. Hakujua kwamba itakuwa hivi."

"Najua hakujua. Nilikosea jana kusema vile."

"Hukukosea." Baba aliutazama weupe wote ule, kuanzia kwenye mawe hadi kwenye uzio na kurudi. "Yeye hakujua. Mimi najua."

Mbwa wa Des aliketi, akainuka, akatafuta pakavu. Kisha Des akasafisha koo, na alichokisema kilimtoka vipandevipande, akitazama buti zake.

"Tuliila ngano ya hapa miaka arobaini. Ilinisomesha. Ilijenga ile nyumba. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuja kwenu kusema asante."

"Na wewe bado hujasema," baba akasema.

"Asante, Merv."

"Mmechelewa."

"Najua."

Wakapeana mikono. Nilifikiri watasema zaidi, lakini wanaume wa Wandarrin wakishafika hapo hutafuta mlango, na Des akauliza kama tunadhani mvua itanyesha kabla ya mwisho wa mwezi. Baba akasema haoni dalili.

Jumatatu matingatinga yalifika yamepakiwa kwenye malori mawili marefu, mnyororo umekunjwa nyuma, kila pete yake kubwa kama kichwa cha kondoo. Baba alikuwa amekwisha kwenda getini kabla yao. Nilimfuata na thermosi kwa sababu palikuwa na baridi, ndiyo maana niliyasikia mazungumzo yao. Dereva wa mbele alikuwa kijana mchangamfu, alizima injini akachungulia.

"Vipi mzee, umeghairi? Kwa kweli?"

"Nimeghairi."

"Pori lote hili? Utalifanyia nini sasa?"

"Nitaliacha."

Dereva alinitazama mimi, kama watu wanavyowatazama mabinti wa wazee waliochanganyikiwa, akitaka nimkonyeze. Sikumkonyeza. Akapandisha mabega, akapiga honi kwa mwenzake, na malori yakaanza ile kazi ndefu ya kugeuka kwenye barabara nyembamba.

Baba alisubiri mpaka yalipopotea. Halafu akatembea hadi nyumbani, akaketi jikoni na koti lake, akalia. Alilia kwa sauti, kama mtu aliyefiwa. Maisha yake yote alitaka kufa akiwa amemaliza kazi ya baba yake, na asubuhi ile, kwa akili yake mwenyewe na bila kulazimishwa na mtu, alikuwa amekubali kufa akiwa ameiacha. Nilikuwa na maneno ya kumwambia, mazuri tu. Nikayaweka, nikaketi mbele yake, nikamwacha alie.